Baba, toa gari nipate nafasi

JUMA moja kabla ya kusafiri kwenda Marekani mnamo Agosti 2023, niligombana na mwanangu. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 12, na alikuwa amejaza stoo yetu nyaya, redio mbovu, vipande vya mbao na magurudumu ya baiskeli aliyoyaokota sijui wapi. Siku nilipokosa pahali pa kuweka gunia la makaa, nilikusanya takataka zake zote na kuzitupa jalalani.

Hakulia. Alinitazama tu, kisha akaingia chumbani na kufunga mlango. Mama yake aliniambia maneno mawili: "Ungemwuliza kwanza." Nilijibu kwamba nyumba ni yangu na kodi nalipa mimi.

Msomaji mpenzi, nasimulia kisa hicho si kwa kujisifu. Nakisimulia kwa sababu niliyoyaona safarini yalinifanya nione haya, na huenda kuna mzazi asomaye ukurasa huu ambaye leo hii ameshika gunia kama langu.

Safari yenyewe ilikuwa ya kumtembelea dada yangu mkubwa. Yeye na mumewe wanaishi Oceanside, mji ulio pwani ya California, kaskazini mwa San Diego. Shemeji ni mzaliwa wa Malindi, mtoto wa fundi wa mashua. Siku hizi hufanya kazi ya usiku hospitalini. Wana watoto wawili, mvulana wa miaka 16 na msichana wa miaka 7.

Nilipofika, nilikuta nyumba ina kinyongo. Baba na mwanawe hawakuwa wakizungumza. Kila mmoja alinisalimu vizuri, lakini wao kwa wao walipishana kama watu wa nyumba mbili.

"Kuna nini hapa?" nilimwuliza dada jikoni.

"Mwulize shemejio," alijibu. "Au nenda gereji ukajionee mwenyewe."

Ubao ulioyeyuka

Kwetu sisi, mtu akisema gereji twafikiria fundi wa magari, oili nyeusi na vijana waliolala chini ya matatu. Kule gereji ni chumba kikubwa kilichoshikana na nyumba, chenye mlango mpana wa kufunguka kwenda juu. Kimejengwa kwa ajili ya gari, ingawa wengi huweka humo kila kitu isipokuwa gari.

Humo ndani nilikuta meza mbili zenye miguu ya mbao. Juu yake palikuwa na kitu ambacho sikuweza kukitambua. Upande mmoja kilifanana na samaki mkubwa mweupe. Upande wa pili kilikuwa na mashimo na makunyanzi kama mshumaa ulioachwa juani.

Mpwa wangu alikuja akasimama nyuma yangu. "Ulikuwa ubao wa mawimbi, Mjomba," akasema. "Nilikosea."

Wasomaji ambao hawajauona mchezo huo wauwazie hivi. Mtu hulala kifudifudi juu ya ubao mrefu, akapiga makasia kwa mikono hadi wimbi kubwa linapomfikia kutoka nyuma. Hapo huruka na kusimama, na wimbi likamchukua mbio kuelekea ufuoni naye akiuelekeza ubao kwa miguu. Pwani ya California, vijana hukua na mchezo huo kama wetu wanavyokua na kandanda.

Tatizo ni kwamba ubao mpya dukani huuzwa mamia ya dola. Kijana aliomba anunuliwe, akaambiwa hakuna pesa. Basi akasema, "Baba, toa gari nipate nafasi, nitautengeneza mwenyewe." Baba akalitoa gari, akaliegesha barabarani, akaenda kazini. Hakuingia tena katika ile gereji.

Kijana aliokota vipande vya lile povu jeupe gumu linalowekwa katika maboksi ya friji na televisheni. Akaviunganisha kwa gundi, akachora umbo, akakata kwa msumeno na kusugua kwa msasa wiki tatu. Akiba yake yote alinunua kitambaa cha faibaglasi na kopo la resini. Alichagua resini ya bei nafuu, aina ya poliesta.

Jioni moja baba akiwa kazini, alitandika kitambaa juu ya ubao na kumimina resini. Aliniambia kwamba kwa sekunde chache alifurahi. Kisha povu likaanza kuzama chini ya kitambaa kama sukari inavyozama katika chai ya moto.

Hilo halikuwa jambo la ajabu, ila yeye hakulijua. Povu la maboksi huitwa polistireni. Resini ya poliesta nayo imechanganywa na kimiminiko kiitwacho stireni, ambacho huyeyusha polistireni. Kilichofaa kwa povu lake ni resini ya aina nyingine, epoksi, ambayo hailiyeyushi.

Lakini ubao haukuwa hasara kubwa. Ile harufu kali iliingia ndani ya nyumba kupitia mlango wa jikoni. Binti wa miaka 7 ana pumu. Usiku huo alikohoa hadi dada yangu akampeleka hospitali. Isitoshe, katika kona ya gereji hiyo mna mtambo wa kuchemshia maji, wenye mwali mdogo wa gesi usiozimwa usiku wala mchana. Kijana alikuwa akisafishia brashi zake asetoni hatua tatu tu kutoka kwenye mwali huo. Mvuke wa asetoni hushika moto upesi kama wa petroli.

Nilipoyasikia hayo, nilielewa kwa nini dada alisema vitu vile vitoke nyumbani mwake, na kwa nini shemeji alimkaripia mwanawe hadi akamwita mpumbavu. Nilielewa pia kwa nini kijana hakumjibu baba yake tangu siku hiyo.

Gari lililotolewa 1950

Mkabala na nyumba ya dada anaishi mzee mmoja Mmarekani, mstaafu, ambaye ametengeneza mbao za mawimbi tangu ujana wake. Gereji yake imejengwa mbali na nyumba, nyuma ya ua. Nilikwenda kumsalimu, na kumwuliza kama mtoto wetu alikuwa na kichaa au vipi.

Mzee alicheka sana. Akasema kwamba ikiwa ni kichaa, basi pwani nzima ile iliugua zamani. Ndipo aliponieleza habari za Hobie Alter, ambazo watu wa huko huzijua kama sisi tunavyojua habari za Kipchoge Keino.

Hobie Alter alizaliwa mwaka 1933. Wazazi wake walikuwa na nyumba ya likizo katika mji wa Laguna Beach, mwendo usiozidi saa moja hivi kwa gari kutoka Oceanside. Mwaka 1950 kijana huyo alitaka kutengeneza mbao za mawimbi, na baba yake akalitoa gari la familia gerejini ili apate pa kufanyia kazi. Marafiki wakaanza kumletea oda. Mwaka 1954 alifungua duka lake huko Dana Point. Alipofariki mwaka 2014, jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya mbao za mawimbi, na juu ya mashua ndogo za tanga zenye matumbo mawili, katika nchi nyingi za dunia.

Hata hivyo, mchezo wenyewe haukuzaliwa California. Wenyeji wa visiwa vya Hawaii waliucheza karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, wakitumia mbao za miti ya kwao kama vile koa na wiliwili. Katika karne ya 20 aliyeutangaza sana alikuwa Duke Kahanamoku, Mhawaii aliyeshinda dhahabu ya kuogelea katika Olimpiki za 1912 na 1920.

Mbao za zamani zilikuwa nzito mno, nyingine zikipita kilo 40. Mtu alihitaji mabega ya hamali kuufikisha ubao majini. Ndipo mafundi walipoanza kutafuta wepesi. Tom Blake alitengeneza mbao zenye uwazi ndani, na mwaka 1935 akaweka pezi chini ya ubao ili usiteleze kombo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kitambaa cha faibaglasi na resini vilianza kupatikana kwa raia. Mtu mmoja aliyeitwa Bob Simmons, aliyesomea mambo ya uhandisi, akavitumia kuvika mbao za mti mwepesi wa balsa.

Simmons huyo ndiye aliyenifanya nimwonee huruma mpwa wangu. Yapata mwaka 1949 naye alijaribu povu la polistireni, na kwa kuwa resini ililiyeyusha, ilimbidi alifunike kwanza kwa mbao nyembamba. Yaani kosa la mtoto wetu ni lile lile lililomsumbua bingwa wa ufundi huo. Tofauti ni kwamba mtoto alikuwa na watu wazima karibu ambao wangaliweza kumwonya.

Suluhisho lilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1950. Hobie Alter na mfanyakazi wake Gordon Clark walifaulu kutengeneza povu la aina ya poliyurethani, ambalo haliyeyushwi na resini ya poliesta. Kufikia 1958 Alter alikuwa akiuza mbao za povu hilo. Baadaye Clark alianzisha kiwanda chake mwenyewe, na kwa miaka mingi mafundi wengi wa Marekani, wa karakana na wa gereji, walinunua povu kwake.

Tarehe 5 Desemba 2005 Clark alikifunga kiwanda hicho ghafla. Katika barua kwa wateja wake alitaja miongoni mwa mengine taabu za sheria za mazingira, na kemikali ya sumu iliyotumiwa kutengenezea povu. Mafundi wakabaki mikono mitupu, bei ikapanda, na siku hiyo ikapewa jina la Jumatatu ya mikosi. Ilibidi wajifunze kutumia povu na resini za aina nyingine. Kumbe hata mabingwa huweza kutegemea kisima kimoja bila kujiuliza kikikauka itakuwaje.

Sharti la mzee

Nilimwomba mzee amsaidie kijana. Akakubali, lakini kwa sharti moja.

"Mtoto aje," akasema. "Lakini baba yake aje naye. Mimi si yaya."

Kumshawishi shemeji kulinichukua siku mbili. Alisema amechoka, analala mchana, na tena kazi za mikono alizikimbia Malindi. Nilimwuliza alizikimbia kwa nini. Alinyamaza kitambo kirefu kabla ya kunijibu.

"Shemeji, baba yangu alikuwa fundi hodari. Lakini hakuwahi kuniambia jambo hili hufanywa hivi kwa sababu hii. Nikikosea alininyang'anya tezo na kuniambia niondoke. Siku moja niliondoka, sikurudi."

"Na wewe umemwambia nini mwanao?" nilimwuliza.

Hakujibu. Lakini Jumamosi alipoamka alivaa suruali kuukuu, akavuka barabara pamoja nasi.

Kazi ya kuchonga

Mzee aliwauzia kwa bei ya chini gogo la povu la poliyurethani lililokuwa limekaa kwake. Gogo kama hilo huwa limepasuliwa katikati kwa urefu na kuunganishwa tena kwa ufito mwembamba wa mbao. Huo ndio uti wa mgongo wa ubao, na ndio unaouzuia usivunjike kwa urahisi wimbi likiupiga.

Kijana alichora umbo kwa penseli akitumia kigezo cha nusu. Ukichora upande mmoja kisha ukageuza kigezo upande wa pili, pande mbili hazina budi kulingana. Ubao ulikuwa wa futi 6 na inchi 4. Alikata kwa msumeno, akapunguza unene kwa randa, kisha akaanza kuzungusha kingo kwa msasa, kwanza wa chembe kubwa, halafu wa chembe ndogo.

Hapo ndipo shemeji alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameinama mwishoni mwa meza, jicho moja amelifumba, akitazama ubao toka tezi hadi omo.

"Omo imeenda kushoto," akasema.

Kijana alikasirika. Akasema amepima. Mzee naye aliinama, akatazama, akatikisa kichwa. "Baba yako kasema kweli. Nusu inchi."

"Babu yako alikuwa akitazama hivi," shemeji alimwambia mwanawe. "Njoo usimame hapa. Fumba jicho hili. Umeona?"

"Nimeona, Baba."

Yalikuwa maneno yao ya kwanza kwa muda wa majuma matatu.

Kwa taa iliyowekwa chini, ubavuni mwa meza, kila kilima na kila bonde huonekana kwa kivuli chake. Ndiyo maana mafundi hao hupaka kuta zao rangi nzito na kuweka taa ndefu usawa wa kiuno. Walifanya kazi hiyo Jumamosi mbili, wote watatu wakiwa wamefunga barakoa puani kwa ajili ya vumbi.

Kuuvika ubao kioo

Povu lililochongwa ni laini, ukilibonyeza kwa kidole linabaki na shimo. Nguvu ya ubao hutoka kwenye vazi la faibaglasi na resini, na kazi hiyo ya kuuvika ndiyo inayotenga fundi na mwanafunzi. Nitaieleza kwa urefu, maana vitu hivyo ndivyo vile vile ambavyo mafundi wetu hapa nyumbani hutumia kuunda na kuziba mashua na kurekebisha bodi za magari.

Kwanza ni saa ya kufanyia kazi. Mzee alikataa kuanza asubuhi. Alieleza kwamba joto linapopanda, hewa iliyomo ndani ya povu na mbao hutanuka na kusukuma viputo katika resini kabla haijaganda. Jioni joto likishuka, hewa hujikunyata na resini huvutwa ndani. Basi tulianza saa kumi na moja jioni.

Kitambaa kilitandikwa juu ya upande wa chini wa ubao na kukatwa kwa mkasi, kikaachwa kining'inie inchi mbili hivi pande zote. Ukingo huo ndio ungekunjwa kuzunguka upande wa pili.

Kisha resini. Peke yake haigandi upesi. Hutiwa dawa ya kuigandisha, kiasi cha asilimia 1 hadi 2. Kwa lita moja hiyo ni mililita 10 hadi 20, yaani vijiko viwili hadi vinne vya chai. Siku ya joto hutiwa kidogo, siku ya baridi huongezwa. Ukizidisha, resini huchemka yenyewe ndani ya kopo, ikatoa moshi, na hata kuwasha moto. Ukipunguza mno, utakaa hadi kesho ukiugusa ubao unanata.

Dawa hiyo ikiruka jichoni huweza kumpofusha mtu. Kwa hiyo kabla kopo halijafunguliwa, mzee alimvalisha kijana miwani ya kufunika macho yote, glavu, na barakoa yenye vichujio vya mvuke. Alisema barakoa ya kitambaa au ile ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo. Mnamo 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka stireni katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani. Mlango mkubwa wa gereji uliachwa wazi, na hapakuwa na moto wala sigara karibu.

Shemeji naye alipewa barakoa na glavu. Mimi niliambiwa nisimame nje upande wa upepo, na huko ndiko nilikotazamia.

"Kuanzia sasa una dakika kama 15," mzee alisema. "Usikimbie, na usisimame."

Kijana alimimina resini katikati ya ubao, akaisukuma kwa kibapa cha plastiki kutoka katikati kwenda kwenye kingo. Kitambaa cheupe kiligeuka kuwa kama maji, ukaona penseli na uti wa mbao chini yake. Pahali palipobaki peupe pana hewa, na hewa ni lazima itolewe. Resini iliyozidi nayo huondolewa, kwani haiongezi nguvu bali uzito.

Alipofika kwenye omo, kitambaa kilikataa kukunjika. Kikafanya pindo, akalilaza likainuka, akalilaza tena. Nilimwona mabega yanapanda. Alitupa jicho kwa baba yake, nami moyo ulinidunda, maana nilijua shemeji angeweza kumnyang'anya kibapa kile.

Shemeji alisogea. Hakugusa kibapa. Alishika mkasi uliokuwa mezani na kuunyosha kwa mwanawe.

"Kata kidogo hapo penye mkunjo, kisha ulaze vipande kimoja juu ya kingine. Kalafati ikigoma kwenye kona hatukuilazimisha. Taratibu. Wakati ungalipo."

Kijana akakata. Kitambaa kikalala.

Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni ikisemwa juu ya watoto. Jioni ile niliona kwamba hata anayekunja ana muda wake, nao si mrefu. Dakika kumi baadaye resini ilikuwa imeshika kama uji uliopoa, kisha ikawa kama ngozi, kisha ikawa gumu na moto ukiigusa.

Mabaki ya resini katika kopo yalipelekwa nje na kuachwa juu ya saruji hadi yapoe, wala hayakutupwa katika pipa lenye karatasi. Matambara yenye asetoni yalitandazwa uani yakauke.

Upande wa juu ulivikwa siku iliyofuata, kwa vitambaa viwili, kwani hapo ndipo miguu hukanyaga. Halafu kuna koti jingine la resini yenye nta kidogo. Nta hupanda juu na kuizuia hewa, ili uso ukauke na kukubali msasa. Mapezi matatu yakawekwa, msasa ukapigwa tena, na ubao ukaachwa siku kadhaa ukomae.

Jumla ya kazi, ukihesabu saa zote, ilikuwa kubwa kuliko bei ya ubao dukani. Nilimwambia shemeji hivyo kwa mzaha.

"Ubao wa dukani ungeniuzia nini?" akaniuliza.

Baharini

Siku tatu kabla sijaondoka tulikwenda ufuoni alfajiri. Dada alikuja na binti, aliyekuwa mzima wa afya. Shemeji alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, bado amevaa nguo za hospitali.

Napenda kuwaambia kwamba kijana aliruka na kupaa kama ndege. La. Alianguka mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ubao ulikuwa na kasoro zake. Mzee alikwisha kusema kwamba kingo zake ni nene mno nyuma, na ubao wa kwanza wa mtu huwa ni shule yake. Mara ya saba au ya nane alisimama, akaenda kama hatua 20 hivi kwa mguu, akaanguka.

Shemeji alipiga makofi kichwani juu peke yake, ufuo mzima ukamgeukia.

Gari lao bado hulala barabarani, lakini masharti yamewekwa. Gerejini kwao ni kuchonga na msasa tu. Resini hufunguliwa kwa mzee ng'ambo, na haifunguliwi kama hakuna mtu mzima aliye karibu.

Nimeyawaza sana mambo haya. Babake Hobie Alter husifiwa kwa kutoa gari, na anastahili. Shemeji yangu naye alitoa gari. Lakini kutoa nafasi ni nusu ya kazi. Alimpa mtoto chumba, kisha akampa mgongo, na katika chumba hicho mlikuwa na sumu, moto na ujinga wa kawaida wa umri wa miaka 16. Mimi nami nilifanya vibaya zaidi, kwa kuwa hata hiyo nafasi niliinyang'anya.

Wazazi wenzangu, watoto wetu hawatengenezi mbao za mawimbi. Hutengeneza antena, vizimba vya sungura, magari ya waya na mambo mengine tusiyoyajua majina. Baadhi ya vitu hivyo vina hatari ya kweli, na mzazi anayo haki ya kusema hapana. Ila hapana isemwe na mtu aliyeingia chumbani akatazama, asiyesimama mlangoni na gunia.

Niliporudi Nairobi, niliyahamisha makaa, nikayaweka nje chini ya karatasi ya nailoni. Nilimwambia mwanangu kwamba stoo ni yake, na kwamba nilikosa kutupa vitu vyake. Alisema, "Sawa, Baba," akaenda zake. Kwa mwezi mzima hakuweka humo hata msumari mmoja.

Kisha siku moja nikaona waya. Halafu betri. Nikaweka kigoda karibu na mlango, na Jumamosi jioni nikawa nakaa pale na gazeti langu bila kuuliza mengi. Nilichomweleza ni kwamba waya wa stima ya ukutani hauguswi mpaka niwepo.

Juzi aliinua kichwa akasema, "Baba, hebu nishikie hapa."

Niliweka gazeti chini, nikamshikia.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.